Tusomeeni mikopo yenu kwanza: barua ya wazi kwa viongozi wa SACCOS

Kwenu wenyeviti, wajumbe wa bodi na mameneja wa vyama vya akiba na mikopo. Kwenu Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na kwenu Benki Kuu ya Tanzania.

Ndugu viongozi, salaam.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo makato ya chama yalitoka kwenye mshahara wangu kabla sijautia mkononi. Chama chenyewe sikitaji, wala mji wetu, maana sitaki barua hii igeuke kesi ya watu watatu au wanne. Ninalolisema linawahusu viongozi wengi, na wengi wao ni watu wema.

Kwenye mkutano mkuu uliopita nilinyoosha mkono. Tulikuwa tumeshagawiwa makabrasha mlangoni, soda zimeshanywewa, na mwenyekiti ameshatangaza gawio watu wakapiga makofi. Nikauliza swali moja tu: katika zile fedha zilizoandikwa "mikopo kwa wanachama", viongozi wetu wenyewe wanadaiwa kiasi gani, na marejesho yao yanaendaje? Ukumbi ukanyamaza. Meneja akanijibu kwa upole kwamba mkopo ni siri ya mwanachama na chama chake, na kwamba hesabu zilishakaguliwa zikapata hati safi. Mwenyekiti akaongeza, "Mwalimu, tuaminiane." Tukaingia ajenda inayofuata.

Simtuhumu mtu. Lakini neno lile, tuaminiane, nilirudi nalo nyumbani, na usiku ule likanikumbusha benki moja ya miji midogo ya Ireland iliyokufa mwaka 1856. Naomba mnivumilie niwasimulie habari yake kwa kirefu. Kila nikiitazama naliona swali langu ndani yake, na naona pia kilichowapata watu ambao hawakupata nafasi ya kuliuliza.

Tipperary ni jimbo la kusini mwa Ireland, nchi ya malisho, maziwa na siagi. Katikati ya karne ya 19 miji yake ilikuwa ya soko na gulio: Thurles, Nenagh, Roscrea, Carrick-on-Suir, Clonmel. Mkulima wa huko kwa kawaida hakuwa na ardhi yake. Alikodi kwa mwenye shamba, na asipolipa kodi alifukuzwa. Kisha mwaka 1845 ukaja ugonjwa wa viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula chao. Njaa ile ilidumu miaka kadhaa. Karibu watu milioni 1 walikufa na wengine kama hao wakapanda meli wakahama. Waliobaki walijifunza kuweka akiba kama mtu aliyeponea chupuchupu anavyojifunza: sarafu kwa sarafu, kwa hofu. Fedha ya ndama aliyeuzwa, fedha ya mahari ya binti, fedha iliyotumwa na kaka aliyefika Marekani.

Fedha hizo walizipeleka Tipperary Joint Stock Bank. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1830 na ndugu wawili, John na James Sadleir, na ikafungua matawi katika miji hiyo ya soko. Kwa nini waliiamini? Kwa sababu ilikuwa yao. Ndugu hao walizaliwa palepale, na ukoo wa mama yao ulishakuwa na jina katika shughuli za benki Tipperary kabla yao. John alisomea sheria, akahamia London, na mwaka 1847 akachaguliwa mbunge wa Carlow. Alisimama bungeni kama mtetezi wa Wakatoliki na wa wapangaji wa mashamba, yaani watu walewale waliokuwa wateja wake. James alibaki nyumbani kuiendesha benki, naye akawa mbunge wa Tipperary. Hebu tazameni mpangilio wenyewe: mkopaji mkubwa yuko London, meneja ni mdogo wake, na wote wawili ni waheshimiwa. Ni karani gani wa Nenagh angesema hapana?

Mwishoni mwa 1852 John alipewa wadhifa katika Hazina ya Uingereza, ingawa alikuwa ameahidi pamoja na wabunge wenzake kutopokea cheo chochote cha serikali. Wengi nyumbani walimwona msaliti. Kisha ikaja kesi ya mpiga kura mmoja wa Carlow aliyekuwa hamuungi mkono, ambaye alikamatwa kwa deni wakati wa uchaguzi ili asipige kura. Mambo yalipofika mahakamani, John akalazimika kujiuzulu wadhifa wake mapema 1854. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha jambo ambalo sisi wanachama tunalijua bila kufundishwa: anayeshika daftari la madeni anashika pia midomo ya watu. Mwanachama anayesubiri mkopo wa ada ya mtoto hamuulizi mwenyekiti maswali magumu.

Sasa niingie kwenye kiini. John alikuwa na biashara nyingi: mashamba yaliyokuwa yakinadiwa baada ya njaa, gazeti, migodi, na hasa reli. Alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya reli ya Sweden. Mambo yalipokuwa yanamharibikia alichota kwenye benki ya nyumbani. Akachota kupita kilichomo kwenye akaunti yake, akachota tena kuziba alichochota, na mwisho deni lake peke yake lilizidi pauni 200,000. Alighushi pia hisa za ile reli akazikopea kwingine.

Kwa nini mkulima aliyeingia kwenye tawi la Thurles asilione deni hilo? Hapa ndipo naomba mtulie nami, maana si wanachama wengi waliowahi kuelezwa.

Chukueni mizania ya chama chochote cha akiba na mikopo, hata chetu. Upande mmoja kuna tunachodaiwa: akiba na amana za wanachama. Upande wa pili kuna mali: fedha taslimu, fedha benki, jengo kama lipo, na mikopo tuliyotoa. Mkopo ni mali, maana ni fedha tunayotarajia irudi. Mwenyekiti akikopa shilingi milioni mia moja, siku hiyo chama hakionekani kimepungukiwa hata senti. Fedha imetoka kwenye mstari wa taslimu ikaingia kwenye mstari wa mikopo. Jumla ni ileile. Tena riba ikianza kuhesabiwa juu yake, hata kama hajalipa chochote, kwenye karatasi chama kinaonekana kinapata faida. Deni baya la kiongozi halionekani kama tundu kwenye gunia. Linaonekana kama gunia la ziada. Ndiyo maana mtu anaweza kuisoma mizania kwa makini, akaona jumla za pande zote mbili zinalingana, na bado asijue kwamba chama kimekwisha.

Tarehe 1 Februari 1856 benki ya Tipperary ilitoa taarifa ya hesabu kwa wanahisa wake. Taarifa ilisema mambo ni mazuri. Ikatangaza gawio la asilimia 6, na juu yake bonasi ya asilimia 3. Watu wa Uingereza waliokuwa hawajawahi kukanyaga Tipperary walishawishiwa wanunue hisa kwa uzuri wa hesabu kama hizo. Baadaye mahakamani Dublin ilisomwa barua ya John kwa mdogo wake, akimwelekeza jinsi ya kuipamba mizania ili benki ionekane na afya. Mali ile waliyoionyesha, sehemu yake kubwa, ilikuwa ni yeye mwenyewe. Alikuwa amejiandika kuwa utajiri wa benki.

Nusu mwezi tu baadaye, benki ya London iliyokuwa ikilipa hundi na hawala za Tipperary ilikataa kuendelea kuzilipa. Habari ikaanza kuvuja. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 17 Februari, John Sadleir alikutwa amekufa kwa mkono wake kwenye uwanda wa Hampstead, London, akiwa na umri wa miaka 42. Aliacha barua akikiri kwamba amewaangamiza wengi, na kwamba hawezi kuishi kuyaona mateso yao. Mimi huwa nasimama hapo. Aliwajua. Wakati wote huo alikuwa anawajua.

Mwandishi wa habari mmoja wa Ireland wa zama hizo ameeleza siku zilizofuata. Watu wa mashamba walimiminika mijini wakazizunguka ofisi za benki. Wengine walikuja na majembe, sululu na mitalimbo, wakiamini kwamba fedha zao zimo humo ndani, chini ya sakafu, na wakipata nafasi ya kuchimba watazikuta. Wazee walizunguka kama waliorukwa na akili. Wajane walipiga magoti barabarani wakimuuliza Mungu kwa sauti kama ni kweli wamekuwa ombaomba wa maisha. Na kuna jambo moja dogo katika maelezo yake ambalo hunikaa kooni: hata zile bodi za kuwahudumia maskini, zilizokuwa zimeweka fedha zao katika benki hiyo, siku milango ilipofungwa hazikuwa na hata shilingi ya kununulia chakula cha mchana cha maskini waliokuwa chini ya uangalizi wao.

Ile picha ya mtu na jembe lake nimeifikiria sana. Hakuwa mjinga. Alikuwa amepeleka fedha yake mahali, akaikabidhi kwa mikono yake kwenye dirisha, na mtu akaiandika mbele ya macho yake. Fedha iliyoingia mlangoni lazima iwe ndani. Nani alimwambia kwamba ilishaondoka siku nyingi, kwamba iko Sweden kwenye reli, na kwamba kilichobaki ni jina la mheshimiwa kwenye daftari?

Walioteseka hawakuwa wenye akiba peke yao. Wakati ule wanahisa wa benki hawakuwa na kinga ya ukomo wa dhima. Benki ikianguka, mwanahisa alidaiwa hadi kitanda. Kwa hiyo wenye akiba waliwashtaki wenye hisa, na wenye hisa wakashtakiana na wasimamizi wa ufilisi. Miaka ilipita mahakamani, na mawakili walikula walichokula. James Sadleir alikimbia nchi. Februari 1857, mwaka mmoja baada ya nduguye kufa, Bunge la Uingereza lilimfukuza uanachama. Hakurudi tena nyumbani. Aliuawa na mnyang'anyi huko Zürich mwaka 1881.

Ndugu viongozi, mtasema huo ulikuwa wizi wa mtu mmoja mwovu, na kwamba ninyi si akina Sadleir. Nakubali kabisa. Ila sidhani kwamba John alianza akiwa mwovu. Naamini alianza kwa kukopa akiwa na nia ya kurudisha. Nimeona jambo hilo kwa macho yangu, kwa kiwango chetu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita, katika chama nilichokuwamo, dirisha la kutolea fedha lilianza kusema "njoo wiki ijayo". Tuliambiwa ni mfumo. Kisha tukaambiwa ni makato yamechelewa kutoka kwa mwajiri. Mwenzangu mmoja alikuwa na mtoto aliyepata nafasi ya chuo. Alienda kwenye dirisha lile mara tano kufuata akiba yake mwenyewe, na mara ya tano alirudi akakaa kwenye ngazi za ofisi ya walimu na daftari lake la akiba mapajani, hasemi kitu. Alilishika kama mtu anavyoshika cheti cha mgonjwa. Mtoto aliahirisha mwaka. Uongozi ulipobadilika ndipo tukaja kuambiwa kwamba mikopo mikubwa ilikuwa ya viongozi wachache, mingine imeandikwa kwa majina ya ndugu zao, na imekuwa ikiongezwa muda kimyakimya kila inapoiva. Hakuna aliyevunja kasha. Kila shilingi ilikuwa na fomu yake, na kila fomu ilikuwa na sahihi.

Yupo mtu mwingine wa karne ile ninayetaka mmjue. Huyu ni wa Marekani, na habari yake imetangulia ya Tipperary kwa miaka 47. Katika kijiji cha Chepachet, wilaya ya Glocester, jimbo la Rhode Island, mwaka 1804 ilianzishwa benki iliyoitwa Farmers' Exchange Bank, kwa jina la wakulima. Mwaka 1808 hisa zake zilichukuliwa na Andrew Dexter wa Boston, mfanyabiashara aliyekuwa akijenga jumba la ghorofa saba mjini kwake. Hisa za wakurugenzi wenzake alizinunua kwa fedha ya benki hiyohiyo. Kisha akaanza kuchapisha noti za benki ya kijijini na kuzitumia mbali nako, ili zikawie kurudishwa benki kubadilishwa kwa sarafu za dhahabu na fedha. Noti zile zilihitaji sahihi ya mkono. Dexter akamwandikia keshia wake barua baada ya barua: tia sahihi, tia sahihi zaidi, fanya kazi hiyo faraghani nje ya saa za benki, watu wasije wakashuku. Namwona keshia yule chumbani, mlango umefungwa, taa ya mafuta mezani, kalamu ya unyoya mkononi, na lundo la noti halipungui.

Benki ilipoanguka mwaka 1809, kamati ya bunge la Rhode Island ilienda kuhesabu. Noti zilizokuwa mikononi mwa watu zilizidi dola 500,000. Sarafu iliyokutwa kwenye sanduku la benki ilikuwa dola 86 na senti kadhaa.

Na deni la Dexter mwenyewe? Lilikuwepo, limeandikwa vizuri. Hati zake za ahadi zilisema atalipa benki kwa riba ya asilimia 2 kwa mwaka, ila asidaiwe mpaka yeye mwenyewe atakapoona inafaa, kwa kuwa ndiye mwanahisa mkuu na ndiye anayejua vyema wakati unaofaa kulipa.

Nimeisoma hati ile mara nyingi. Ni ya kweli kuliko hati nyingi za leo, maana imeandika wazi kile ambacho kwingine hufanyika bila kuandikwa. Kiongozi akikopa katika chama anachokiongoza, anayemkopesha ni yeye, anayemdai ni yeye, na anayeamua kumwongezea muda ni yeye. Yuko pande zote mbili za meza. Upande wa tatu tumekaa sisi na makabrasha yetu.

Basi ombi langu ni hili. Kila mkutano mkuu, kabla gawio halijatangazwa, mwenyekiti asimame asome kwa sauti mikopo ya viongozi wote: wajumbe wa bodi, kamati ya mikopo, kamati ya usimamizi, meneja na wafanyakazi. Jina, kiasi alichokopa, tarehe, kiasi kilichobaki, na kama amewahi kuongezewa muda, mara ngapi na nani aliidhinisha. Pamoja nayo isomwe mikopo ya wenza na ndugu zao wa karibu, na mikopo ambayo wao ndio wadhamini. Isiwekwe kwenye kiambatisho cha nyuma kwa herufi ndogo. Isomwe, kwa sababu mtu anayesoma deni lake mbele ya watu mia mbili wanaomjua analipa.

Mtasema ni siri ya mwanachama. Siri hiyo naiheshimu, na ningeitetea. Muuguzi aliyekopa kumzika mama yake hana sababu ya kutajwa ukumbini. Lakini kiongozi si mkopaji wa kawaida. Aligombea, akaomba kura, akapewa funguo. Asiyetaka deni lake lijulikane ana hiari mbili nzuri: asikope akiwa madarakani, au asigombee.

Mtasema pia itawavunjia viongozi heshima. Hapo naomba mje nyumbani kwangu Alhamisi moja. Mke wangu yumo katika kikoba cha akina mama ishirini na tano. Hukutana uani, chini ya mwembe. Kasha lao ni la bati, lina kufuli tatu, na funguo tatu wanazo akina mama watatu wa nyumba tofauti, ambao hakuna aliyeolewa katika familia ya mwenzake. Kasha lenyewe analala nalo wa nne asiye na ufunguo. Wakishafungua, fedha inamwagwa juu ya khanga iliyotandikwa katikati, inahesabiwa na wawili kwa zamu, na katibu anatamka jumla, wote wanaitikia. Kisha madeni. Anaanza mwenyekiti. "Mimi nadaiwa laki mbili na nusu, leo narejesha elfu hamsini." Anaihesabu, anaiweka kwenye khanga. Ndipo wengine wanafuata. Kikoba hicho kina miaka tisa, na sijaona mwenyekiti wao akivunjiwa heshima. Akina mama wale wengi wao waliishia darasa la saba, na kwa khanga moja wamelijibu swali nililonyamaziwa ukumbini. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawa wameongeza kwamba daftari lisomwe kwa sauti.

Sasa nazungumza nanyi Tume ya Maendeleo ya Ushirika, mnaotoa leseni kwa SACCOS, na ninyi Benki Kuu ambao sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 iliwapa jukumu la sekta hii nzima. Najua wakaguzi wenu huiona mikopo ya viongozi. Najua taarifa huja mezani kwenu. Ninachoomba ni kwamba tuione nasi, kwa sababu ninyi mko mbali na sisi tuko hapa. Ofisa wa Dodoma akisoma jina la mjumbe wa bodi yetu haoni kitu. Mimi nikilisoma najua kwamba mjumbe huyo ameanza jengo la ghorofa barabara ya stendi, kwamba basi lake limekaa gereji tangu Pasaka, na kwamba yule "mwanachama" wa mkopo wa pili ni shemeji yake. Ukaguzi wa namna hiyo hamwezi kuununua kwa bei yoyote, nasi tunawapa bure. Uwekeni usomaji huo uwe sharti la leseni. Mkutano mkuu ambao mikopo ya viongozi haikusomwa uhesabiwe haukufanyika, na gawio lisitoke.

Wala msiseme miji midogo ni midogo, hasara yake itavumilika. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo kwa kukosa mtaji wa kutosha, mbili kati yake ni benki za wananchi za Meru na Njombe. Wenye amana katika benki wana Bodi ya Bima ya Amana inayowashika mkono kwa kiwango fulani. Wakati ule ukomo ulikuwa shilingi milioni 1.5 kwa mtu. Sisi wa SACCOS mkono huo hatuna. Chama kikifa, tunaenda kusimama kwenye dirisha lililofungwa kama watu wa Thurles.

Nimeambiwa na rafiki zangu nisiandike barua hii, kwamba nitaonekana natafuta uongozi. Sitafuti. Nina miaka sitini na minane, na nilichonacho katika chama kile ni akiba ya miaka thelathini na moja, ambayo nimepanga imalize nyumba na isomeshe mjukuu mmoja. Ninawajua pia viongozi wetu wa sasa. Mwenyekiti nilimfundisha kidato cha tatu. Alikuwa kijana msikivu, mwandiko safi. Naamini kabisa hana deni la aibu. Ndiyo maana nashindwa kuelewa kwa nini asilisome.

Mkutano wetu mkuu ujao hauko mbali. Nitafika mapema, nitachukua kabrasha langu mlangoni, nitakaa safu ya mbele kulia, karibu na dirisha. Gawio likitaka kutangazwa nitanyoosha mkono na kuuliza swali lilelile la mwaka jana. Mwenyekiti, nakuomba safari hii usiniambie tuaminiane. Anza na jina lako.

Ni mimi mwanachama wenu,
Mwalimu mstaafu